Askari wa Gereza na Nyumba Yake

Mfungwa huambiwa na hakimu muda atakaokaa. Askari wa gereza hakuhukumiwa na mtu. Hata hivyo, atumikiaye miaka 30, zamu zake za mchana na za usiku zikijumlishwa, huwa ameishi nyuma ya ukuta yapata miaka minane kamili.

Kazi hiyo humtia desturi zake. Huhesabu watu asubuhi na jioni, hukagua kufuli, huitazama mikono kabla ya uso, wala haamini neno upesi. Gerezani desturi hizo huokoa maisha. Nyumbani huleta baridi. Baba huketi akiuelekea mlango, husema na watoto kwa amri, na mkewe amwulizapo habari za kazini hujibu, "Njema," akanyamaza. Usingizi humkimbia, na wengine huufuata kilabuni. Askari wa jeshi na wa polisi watayatambua haya.

Tena si ukali wa wafungwa tu uumizao. Katika gereza la Luzira, mjini Kampala, waliohukumiwa kifo walikaa miaka mingi wakingoja, na walinzi wao wakawazoea. Mwezi wa Aprili 1999 watu 28 walinyongwa humo. Askari waliokuwa zamu walirudi kwa watoto wao kama siku nyingine zote. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba asiyenyongwa katika miaka mitatu tangu hukumu yake ithibitishwe abadilishiwe kifungo cha maisha. Shauri lilikuwa la wafungwa, lakini kungoja huko kuliwalemea walinzi pia.

Kanuni za Umoja wa Mataifa, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zaagiza kwamba masharti ya kazi ya askari magereza yalingane na ugumu wake. Basi wakuu na watoe likizo kwa wakati wake, na aliyeshuhudia kifo au ghasia aonane na mganga wa akili pasipo kuitwa mwoga.

Nawe mama wa nyumbani, usimhoji mlangoni; mwache avue sare, aoge, ale. Nawe bwana, ukisema, "Leo ilikuwa siku nzito," hujatoa siri ya serikali. Anza na neno hilo mapema, kwani siku ya kustaafu utarudisha funguo na sare, bali desturi za gereza utakwenda nazo nyumbani.