Ndege ya Mavivi: tiketi inunuliwe wakati gani?

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, wakaaji wengi wa Beni, Butembo na Lubero wanaoenda Kinshasa wanategemea Mavivi. Viti ni vichache. Kwa mama anayepeleka mtoto kwa daktari, kila dola ya nyongeza ni uzito.

Kwa kawaida kampuni za ndege zinauza viti vya kwanza kwa bei ya chini, halafu bei inapanda ndege ikijaa. Karibu na Noeli, ao mbele ya masomo kuanza Septemba, anayengoja juma la mwisho analipa zaidi, ao anakosa kabisa. Juma mbili ao tatu mbele ni afazali.

Lakini kununua mapema sana nako kuna hatari: ndege inaweza kusogezwa siku, na barabara inaweza kufungwa juu ya usalama. Basi mbele ya kutoa makuta, uliza kwenye ajansi: nikichelewa, tiketi inabadilishwa kwa bei gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi. Jina nalo liwe sawasawa na la kadi ya uchaguzi. Uliza pia kama go-pass, ile taksi iliyoanzishwa 2009, imo ndani ya bei.

Wa Butembo wana kilometa 54 mpaka Beni, kisha njia ya Oicha mpaka Mavivi. Kulala Beni siku moja mbele ni gharama, ila tiketi iliyopotea inauma zaidi. Anayesafiri na mgonjwa aulize mapema kuhusu karatasi ya daktari.