Kwa nini dereva hutazama pikipiki asiione

DEREVA anayegonga pikipiki kwenye makutano ya barabara mara nyingi hujitetea kwa neno moja: hakuiona. Jamaa za majeruhi humchukulia kuwa mwongo, kwani pikipiki ilikuwa mbele ya macho yake mchana peupe.

Huenda hasemi uongo. Mnamo 2007, wanasaikolojia Steven Most na Robert Astur wa Marekani waliwaketisha watu kwenye mtambo wa kuiga uendeshaji gari. Waliwaagiza wafuate mishale ya rangi moja tu, ama buluu au manjano, ili wajue waelekee wapi katika kila makutano. Mara pikipiki ikawakatia njia. Waliogongana nayo walikuwa wengi zaidi pale rangi yake ilipotofautiana na ya mishale waliyokuwa wakitafuta.

Barabara ilikuwa ile ile na macho yale yale. Kilichobadilika ni rangi ambayo ubongo ulikuwa umeipa kipaumbele.

Habari zinazoingia machoni hupokewa kwanza kisogoni, katika gamba la ubongo, kisha hupitishwa maeneo mengine ya gamba hilo. Kwa kuwa ni nyingi mno kushughulikiwa zote kwa pamoja, ubongo hauna budi kuchagua. Uteuzi huo ndio wataalamu wanaouita umakini, nao si wa aina moja.

Kuna umakini wa mahali. Mwanafunzi aweza kumkodolea mwalimu macho ilhali anafuatilia yanayotendeka dirishani. Mnamo 1985, Jeffrey Moran na Robert Desimone walipima seli za neva katika ubongo wa tumbili, wakiweka vitu viwili ndani ya eneo linalohudumiwa na seli moja. Seli hiyo ilijibu kana kwamba kile tu alichokizingatia tumbili ndicho kilichokuwapo. Cha pili kilikuwa kama kimefutwa.

Kuna pia umakini wa sifa, kama vile rangi au mwendo. Anayemngojea mgeni mwenye shati jekundu katika kituo cha mabasi hajui atatokea upande gani, basi kila chekundu humvuta jicho. Stefan Treue na Julio Martínez-Trujillo, wakifanya kazi nchini Ujerumani, walionyesha mnamo 1999 kwamba tumbili akizingatia mwendo wa kuelekea upande fulani, seli zinazopendelea mwendo huo huongeza nguvu hata zile zinazohudumia sehemu ambayo tumbili hakuizingatia. Zinazopendelea mwendo wa kinyume hufifia.

Je, aina hizi mbili zikikutana katika seli moja huwaje? Benjamin Hayden na Jack Gallant waliripoti mnamo 2009 kwamba kila moja huchangia kivyake na michango hiyo hujumlishwa, tena kwa ziada ndogo, kama nyongeza ambayo mwenye duka humtilia mteja wake. Kwa hivyo kitu kilicho mahali panapotazamiwa, chenye rangi inayotafutwa, hufaidika mara mbili. Pikipiki inayotokea pasipotarajiwa, na haifanani na kinachotafutwa, hukosa misaada yote miwili.

Mbona basi haimshtui dereva? Ubongo una aina nyingine ya umakini, ule wa kutekwa. Maurizio Corbetta na Gordon Shulman walieleza mnamo 2002 kwamba kuna mtandao mmoja wa gamba, katika pande zote mbili za ubongo, unaobeba nia ya mtu, na mwingine, hasa upande wa kulia, unaoikatiza nia hiyo jambo muhimu linapozuka. Timothy Buschman na Earl Miller nao walipima seli za tumbili mnamo 2007. Tumbili alipotafuta kitu kilichofanana na vingine, sehemu ya mbele ya gamba ndiyo iliyotangulia kukitambua. Kilipojitokeza waziwazi, eneo lililo karibu na utosi ndilo lililotangulia.

Lakini nia ikikaza sana, king'ora hicho huweza kuzimwa. Katika jaribio maarufu la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka wa 1999, watu walihesabu pasi za mpira katika filamu, na takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa kama sokwe akikatiza katikati ya wachezaji. Waliowafuatia wachezaji wa fulana nyeusi walimwona zaidi kuliko waliowafuatia wa fulana nyeupe. Sokwe alikuwa mweusi.

Hapa Kenya, sheria huwataka waendeshaji boda boda wavae jaketi zinazoakisi mwanga. Jaketi hiyo hutegemea umakini wa kutekwa, nao ndio unaodhoofika dereva anapokuwa na jambo jingine akilini. Anayevizia mwanya kati ya lori na matatu anatafuta umbo la lori na la matatu, si kitu chenye upana wa mtu mmoja.