Mafunzo ya Fundi wa Matengenezo Katika Kinu cha Pamba

Mkulima wa pamba huuza mazao yake katika msimu mmoja tu wa mwaka. Kinu cha kuchambulia pamba kikisimama wakati huo, pamba mbegu hulundikana ghalani, malori hukosa mahali pa kushushia, na malipo huweza kuchelewa. Kwa hiyo kazi ya fundi wa matengenezo inamhusu kila mwanachama, hata yule ambaye hajapata kukanyaga kiwandani.

Wako wanaodhani kwamba fundi ni mtu wa kuitwa mashine inapoharibika. Kumbe fundi hodari ni yule anayezuia uharibifu usitokee. Beringi iliyokauka grisi hupata joto kali. Katika kinu, ambamo vumbi la nyuzi hutanda kila mahali, joto hilo laweza kuwasha moto na kuteketeza pamba pamoja na jengo. Lakini kushindilia grisi kupita kiasi nako hupandisha joto na kuharibu vizibo. Basi hata kutia grisi ni kazi ya kufundishwa.

Mambo ya kwanza kujifunza

Kijana anayeanza kazi hufundishwa mambo manne.

(a) Usalama. Kabla ya kuingiza mkono katika mashine, sharti azime umeme kwenye swichi kuu, aifunge kwa kufuli, ufunguo autie mfukoni mwake, kisha ajaribu kuwasha ili ahakikishe kuwa mashine haiwaki. Mashine ina vipuri. Mkono wa mtu hauna.

(b) Usafi na ukaguzi. Anapofagia nyuzi na vumbi, ndipo anapoona mkanda uliochanika, boliti iliyolegea au mafuta yanayovuja.

(c) Matumizi ya spana, vyombo vya kupimia na michoro ya mashine.

(d) Kumbukumbu. Kila kazi huandikwa daftarini pamoja na tarehe yake, ili fundi wa zamu ifuatayo asibahatishe.

Njia za kupata ujuzi

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo haya kuanzia ngazi ya I hadi ya III, zikiwamo fani za umeme na mitambo. Upo pia uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupitia chuo naye hakusahauliwa: aweza kupimwa na kupewa cheti cha kurasimisha ujuzi wake.

Wajibu wa vyama

Wakati bora wa kumpeleka mwanagenzi kinuni ni baada ya msimu, mashine zinapofumuliwa. Hapo huona roli, visu na beringi jinsi zilivyokaa. Anayefika katikati ya msimu huona mashine kwa nje tu, na fundi mkuu hana nafasi ya kumweleza.

Inafaa basi kila chama kiteue vijana, wa kike na wa kiume, wenye subira na wanaojua kusoma na kuandika vizuri, na gharama za mafunzo yao ziingizwe katika makisio yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.