Feni ya Umeme kwa Pikapu ya Zamani

Feni inayozungushwa na mkanda hufuata kasi ya injini, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kwenye foleni, injini ikiwaka bila gari kwenda, feni huzunguka polepole wakati rejeta ndiyo kwanza inahitaji upepo. Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, upepo wa mwendo kwa kawaida unatosha, lakini feni bado inakula nguvu ya injini. Ya umeme huwaka joto likipanda tu, ndiyo maana naona inaifaa sana pikapu ya mjini.

Wapo mafundi wanaosema feni ya mkanda haiunguzi fyuzi. Ni kweli, na kwa gari linalopanda milima na mzigo mzito wana hoja. Ila mara nyingi kosa huwa kwenye ufungaji: feni inayovuta ampea 25 ikiungwa moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi, waya mwembamba hupata moto hadi plastiki yake ikayeyuka. Iwekewe rilei, waya mnene, fyuzi karibu na betri, na sensa ya joto badala ya swichi ambayo dereva ataisahau. Alternata nayo ipimwe: ikiwa ni ya ampea 40, na usiku taa kubwa zinachukua kama 10, kinachobaki baada ya feni ni kidogo. Rejeta iliyoziba kwa kutu izibuliwe kwanza, ndipo feni inunuliwe.