Gitaa baada ya saa za kazi

Na Mwandishi Wetu, Iringa

MJI wa Iringa uliwahi kuwa na watu walioajiriwa kupiga gitaa. Hao ni wanamuziki wa Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha Tancut, iliyovuma nchini katika miaka ya 1980, pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiwa miongoni mwa waimbaji wake.

Mfumo huo haukuwa wa Iringa pekee. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa, na Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana wa CCM. Mwenye bendi alinunua vyombo na kulipa mishahara. Mpiga gitaa hakulazimika kujiuliza atapata wapi saa ya kujinoa, kwani mazoezi yalikuwa sehemu ya ajira yake.

Mashirika yalipoyumba na mengine kubinafsishwa, bendi nyingi zilitoweka, ingawa NUTA Jazz iliendelea hadi kuwa Msondo Ngoma. Tangu hapo, wengi wanaoshika chombo hicho hutumia nguvu iliyobaki baada ya kutafuta riziki kwingine.

Mfanyakazi anayeishi Kalenga, kijiji chenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa kilomita kama 15 kutoka mjini, huondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Gitaa limo mfukoni, juu ya kabati. Jumamosi hujaribu kulipa deni la wiki nzima kwa saa tatu mfululizo, ncha za vidole zikamuuma, na Jumamosi inayofuata akawa amesahau nusu ya alichojifunza. Baada ya miezi miwili gitaa linatafutiwa mnunuzi, naye anajiita mvivu. Hukumu hiyo si ya haki, kwa maana kosa limo katika mgawanyo wa muda.

Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliojifunza saa 1 kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango fulani kuliko waliojifunza saa 4 kwa siku, ingawa siku zao zilikuwa nyingi zaidi. Cha ajabu, hao waliofaidika ndio walioridhika kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa waliona wanachelewa.

Taipu si gitaa, lakini vidole ni vile vile. Usingizi wa kila usiku husaidia ubongo kushika kilichofanywa mchana, na ngozi ya ncha za vidole huota sugu kwa kuguswa na nyuzi mara kwa mara. Sugu za jembe hazisaidii, maana hizo hukaa kiganjani.

Basi dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi. Gitaa litundikwe ukutani linapoonekana, na kazi ya kesho iamuliwe leo: pengine kuhama kutoka mkao mmoja wa vidole kwenda mwingine, polepole, mpaka nyuzi zote zisikike safi. Gitaa kavu halihitaji umeme, hivyo kukatika kwa umeme si kisingizio. Baridi ya Juni na Julai ni kikwazo cha kweli, lakini kikombe cha chai ya moto hulegeza vidole kabla ya kuanza.

Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, sasa Likasi, alipata sifa Afrika Mashariki yote kwa kupiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Hata hivyo, maisha yake hayakuwa ya muziki peke yake. Aliwahi kufanya kazi benki na baadaye katika kampuni ya madini.

Hamu nayo huhitaji msikilizaji. Anayejua kwamba Jumapili atasindikiza kwaya, au atampigia jirani wimbo mmoja, huwa na sababu ya kulishusha gitaa ukutani siku ya Jumatano, hata akiwa amerudi kwa gari la mwisho.