Kabla ya kumgusa mtoto mchanga, nawa mikono!

Ndugu mfanyakazi, wewe hushuki shimoni bila kofia ya kazi. Je, unapoingia hospitalini katika chumba cha watoto wachanga, unajiandaa namna gani?

Humo kuna adui asiyeonekana kwa macho. Anaitwa kandida, ni aina ya kuvu. Anaishi kwenye ngozi, mdomoni na tumboni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa wa chini ya gramu 1,500, anaweza kuuawa naye. Ngozi ya mtoto huyo ni nyembamba, nguvu zake bado ndogo. Tena antibiotiki anazopewa huua hata vijidudu vyema vinavyozuia kuvu, na mpira ulioingizwa katika mshipa wake unaweza kuwa mlango wa kandida kuingia damuni.

Kandida hutokaje kwa mtoto huyu mpaka kwa yule? Mara nyingi kwa mikono: yetu sisi waganga, na yenu ninyi wazazi na wageni.

Basi, fanyeni hivi:

1. Vua pete, saa na bangili. Kata kucha.

2. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 mpaka 60: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za vidole. Kausha kwa kitambaa safi ambacho mwingine hajakitumia.

3. Mguse mtoto wako tu. Wa jirani, msalimu kwa macho.

4. Kikombe na nguo za mtoto mmoja zisitumiwe na mwingine.

5. Mama, ukiisha kunawa usiogope kumpakata mtoto kifuani. Maziwa yako ni kinga yake.

Ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika kwa urahisi, au wekundu matakoni usiopona, tuambie. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa baridi au akikatika pumzi, ita muganga palepale, usingoje homa.

Na ukimwona mmoja wetu, hata mimi, akimkaribia mtoto bila kunawa, usimwonee haya. Mwambie: «Muganga, mikono!» Kule shimoni unamwonya mwenzako jiwe lisimwangukie. Hapa pia ni kazi ileile.