Kujenga Kilimani (2): Gari Liishie Wapi?

Katika sehemu ya kwanza tulitazama miamba na udongo wa vilima vya Mwanza. Leo tuingie katika jambo ambalo wajenzi wengi huliacha hadi nyumba imeshapauliwa: gari litafikaje mlangoni? Hoja yangu ni kwamba swali hili hujibiwa siku kimo cha sakafu kinapopangwa, kabla msingi haujachimbwa, na kwamba kwa viwanja vingi vya miinuko kama ya Bugando au Igogo jibu la busara ni gari kubaki chini kando ya barabara, watu wapande kwa ngazi.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, barabara ikiwa upande wa chini, na ardhi ikipanda mita moja kwa kila mita nne. Nyumba ikianzia katikati, mita 15 kutoka barabarani, sakafu itakuwa mita 3.75 juu ya barabara, na njia iliyonyooka itapanda kwa asilimia 25. Wabunifu hupendelea asilimia 12 hivi, na asilimia 20 huihesabu kuwa ukomo wa njia fupi. Ukiipitisha njia kimshazari, kutoka pembe moja hadi ubavu wa pili, unapata mita 25 na mwinuko wa asilimia 15. Hapo wengi hufurahi. Lakini mita 5 za kwanza zinatakiwa ziwe karibu tambarare, dereva apate kusimama na kuiona barabara kabla ya kuingia. Ukizitoa, mita 20 zilizobaki zinapanda kwa karibu asilimia 19. Njia hiyo, kwa upana wa mita 3, imekwisha kula mita za mraba 75, na bado hatujapata pa kugeuzia gari. Tena kila mahali tambarare inapokutana na mpando panahitaji kipande cha mita 2 au 3 chenye nusu ya mwinuko, la sivyo bampa itakwaruza chini na tumbo la gari litagusa juu.

Yupo atakayesema: leta mtambo, kata mlima, kiwanja chote kiwe bapa. Tatizo ni ukuta utakaobaki nyuma. Msukumo wa udongo haukui sawasawa na kimo: ukuta ukirefuka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na nguvu ya kuupindua mara nane. Ongeza maji ya masika yaliyonaswa nyuma yake pasipo matundu ya kuyatoa, na aliye hatarini si wewe peke yako bali pia jirani aliyejenga juu yako. Kinyume chake, ukichimba mita 6 tu kuanzia barabarani, unapata maegesho ya gari moja au mawili, na ukuta wa nyuma hauzidi mita 1.5. Huo fundi mzuri wa mawe anauweza, na mawe Mwanza hayatafutwi mbali.

Hoja ya gari lenye nguvu za magurudumu manne haina uzito mkubwa. Kupanda si shida. Shida ni kushuka kinyumenyume juu ya zege lililolowa, na boza la maji au lori la mchanga halitajaribu kabisa. Hoja ya wazee na wagonjwa ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Ngazi zenye vidato vifupi, mahali pa kupumzikia na mkono wa kushikia humsaidia mzee anayetembea. Asiyeweza kutembea hazimsaidii. Kwa familia yenye mtu wa namna hiyo, nyumba isogezwe chini karibu na barabara, hata kama mandhari ya ziwa yatapungua. Au majirani wawili wachangie njia moja inayoambaa na mlima badala ya kuukwea: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, nayo iandikwe na kusajiliwa, maana makubaliano ya mdomo hufa kiwanja kinapouzwa.

Linabaki la mtaro wa barabara. Usiufukie kwa kifusi ili gari livuke. Kwa barabara zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), omba kibali kwanza, kisha uweke kalavati pana ya kutosha kupitisha mvua kubwa, na mfereji wa kukingama mbele ya geti ili maji ya kwako yasimwagike barabarani.

(Itaendelea)